Mashine Tisa na Foleni Moja

Bwana Respicius alikuwa mtu wa kutaka ashukuriwe kabla hujajua amekufanyia nini. Asubuhi hiyo aliingia chumba cha watafiti bila kubisha hodi, akasimama kati ya meza mbili, akafunga kifungo cha koti lake ingawa joto la Novemba lilikuwa limeshaanza kupasua watu midomo.

"Tumepata nafasi kwenye kompyuta kubwa ya Dar," alisema.

Octavian, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, akapiga makofi. Evarista hakupiga.

"Nafasi ya lini, mzee?"

"Wewe Evarista, hata asante kwanza?"

"Asante sana, mzee. Ya lini?"

"Foleni inakwenda. Mbele yetu wapo watu wa samaki, watu wa ramani, na watu wa malaria. Zamu yetu haiwezi kupita Krismasi."

Evarista akaweka kalamu chini. Mkutano wa wafadhili ulikuwa Novemba hiyo hiyo, wiki ya mwisho. Wafadhili walikuwa wameuliza swali moja tu: je, mkulima wa uwanda huu atie mbegu ya mtama kwenye udongo mkavu na kuisubiri mvua, au aisubiri mvua kwanza ndipo atie mbegu? Wazee wa kijiji cha Gulwe walifanya la kwanza. Mabwana shamba walihubiri la pili. Evarista alikuwa na programu iliyochukua mvua za kila mwaka zilizopimwa Dodoma, Mpwapwa na Kondoa tangu enzi za Mjerumani, ikalima shamba ndani ya kompyuta, ikapanda, ikanyeshea mvua, kisha ikasema: hapa mmevuna, hapa mmekufa njaa. Ilibidi ifanye hivyo kwa kila mwaka, kila aina ya udongo, kila wiki ya kupandia. Kwenye kompyuta pekee ya ofisi, ile aliyogombania na katibu muhtasi, kazi hiyo ingefika Pasaka. Na mkutano ukipita bila jibu, fedha zingehamishiwa mkoa mwingine, na mkataba wa Evarista ungeisha siku hiyo hiyo. Mkataba huo ndio uliokuwa ukilisha nyumba yake tangu mumewe apunguzwe kazini, kampuni ya umma aliyokuwa akiifanyia kazi ilipouzwa.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Kazi yangu haihitaji mashine moja yenye nguvu. Inahitaji mashine nyingi za kawaida. Mvua ya mwaka wa sitini haisubiri jibu la mwaka wa sabini. Shamba la mchanga haliulizi shamba la mfinyanzi. Kila kipande kinajitegemea. Nikipata mashine nane au tisa nikazigawia vipande, kabla ya mkutano nimemaliza. Tukodi, mzee."

"Tukodi wapi?"

"Hapa hapa Dodoma. Siku hizi zipo."

"Kwa nani?"

Evarista akatazama dari. Octavian, aliyejua, akajifanya anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza.

"Vipo vituo," alisema Evarista.

"Nimeuliza kwa nani."

"Kwa mume wangu. Ipagala."

Kule kusita kwa Evarista ndiko kulikompa Bwana Respicius fimbo, naye hakuwa mtu wa kuiacha fimbo chini. Alicheka mpaka katibu muhtasi akachungulia.

"Kumbe! Kazi ya taifa ikasagwe na mashine za kuchapia kadi za harusi! Na hela ya mradi iingie jikoni kwako!"

"Sijasema hela iingie kwangu, mzee."

"Basi usiseme." Alifika mlangoni, akageuka. "Ukitaka kujaribu kwa muda wako, jaribu. Senti ya mradi haitoki. Na kwenye foleni ya Dar sitoki."

Alipoondoka, Octavian alisogeza kiti. "Dada Eva, usimchukie. Mimi bila Dar sifiki popote. Maji yangu ya chini ya ardhi kila tone linamuuliza jirani yake kabla halijasogea. Ukiyagawa kwenye mashine za meza mbalimbali, yatashinda yanaulizana mpaka uzeeni. Yangu ni ya mashine moja kubwa. Yako siyo. Hilo hata yeye analijua."

"Sasa mbona hukusema alipokuwepo?"

Octavian akatabasamu kwa aibu. Naye alikuwa na mkataba.

* * *

Nyumba ya Obedi na Evarista ilikuwa ya vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, upande wa nyuma haujapigwa lipu. Jioni hiyo walikula ugali wa uwele na mlenda. Evarista, mzaliwa wa Bukoba, miaka ya kwanza alikula mlenda kwa adabu. Siku hizi aliula kwa uchu.

Mama Anyesi, mama yake Obedi, alikuwa amekuja kwa treni kutoka Gulwe kumwona mjukuu wake Ruthu, na mjukuu alikuwa amekataa aondoke. Mikono ya bibi huyo haikujua kukaa bure. Akishakula alivuta kigoda karibu na taa, akafuma. Alifuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya redio, vya chupa ya chai. Hakuna kitu cha thamani ndani ya nyumba ile kilichoachwa uchi. Majuma hayo alikuwa akifuma vikubwa zaidi, vyeupe, na hakuna aliyemuuliza ni vya nini.

"Bosi wako kasemaje?" Obedi aliuliza.

"Tumepata foleni Dar. Krismasi."

"Na mkutano?"

"Mwisho wa mwezi."

Obedi akashika tonge bila kulitia mdomoni. "Ulimwambia kuhusu mashine zetu?"

"Nilimwambia zipo Ipagala."

"Ulimwambia ni za mumeo?"

"Aliponibana."

"Aha. Mpaka ubanwe." Obedi akanawa mikono ingawa ugali ulikuwa bado. "Mama Ruthu, nilipopunguzwa, wenzangu walinunua pikipiki. Matonya alioa mke wa pili, na sasa hana hela wala mke wa pili. Mimi nilinunua kompyuta. Mtaa mzima ulinicheka. Nilisema sawa, nyumbani sichekwi."

"Sijakucheka, baba Ruthu. Naogopa watu waseme nakula mradi."

"Watasema hivyo hata ukila mlenda."

"Hapo kasema kweli," alisema Mama Anyesi bila kuinua macho, na wote watatu wakacheka bila kupenda.

Kicheko kilipoisha, Evarista aliona aibu ya aina nyingine. Alikumbuka msimu wake wa kwanza wa ndoa, Gulwe, siku Mama Anyesi alipoalika watu kupalilia. Kila mtu alipewa mstari wake. Hapakuwa na kusubiriana. Mwenye nguvu alikwenda, mchovu alipumzika, na jembe la mmoja likivunjika la mwingine halikusimama. Bibi harusi kutoka Bukoba, aliyezoea kufanya kazi chini ya migomba, alibaki nyuma peke yake katikati ya jua. Waliomaliza walikunywa maji, wakarudi, wakaukata mstari wake vipande, kila mmoja akachukua kipande huku wakimtania kwa Kigogo alichokuwa hakijui. Pombe ilinywewa kabla jua halijazama. Siku ile alidhani amefedheheka. Sasa aliona kwamba programu yake yote, pamoja na vitabu alivyosomea, ilikuwa ikitafuta shamba la namna ile.

"Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi mashine zimelala tu," Obedi alisema kwa sauti iliyopoa. "Zichukue. Na usiku wa siku za kazi pia, chukua."

"Nitalipa umeme."

"Kwa mshahara upi? Ule ule wa kununulia unga?"

"Hizo mashine," Mama Anyesi aliingilia, "zitakaa wazi siku mbili zote na upepo huu?"

"Zitakuwa kazini, mama."

Mama Anyesi akaguna. Nje upepo ulikuwa ukirusha mchanga kwenye bati kama mtu anayepepeta mtama.

* * *

Kituo cha Obedi kilikuwa fremu moja kando ya barabara ya mtaa, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Mlangoni aliandika kwa rangi ya bluu: KOMPYUTA – MAFUNZO, KUCHAPA, KADI. Ndani kulikuwa na mashine tisa, hakuna mbili zilizofanana, kila moja ikiwa na kasha lake chini na skrini juu yake.

Wiki nzima Evarista alikuwa akirekebisha programu iweze kuingia kwenye mashine ndogo. Jumamosi jioni, wanafunzi walipotoka, alizunguka na disketi zake akizigawia mashine kazi kama anayegawa mistari. Hii ya kwanza mvua za Dodoma, udongo wa mchanga. Hii mvua za Dodoma, mfinyanzi mweusi. Hii ya dirishani Kondoa. Obedi alimfuata akibonyeza anapoambiwa.

"Umeme ukikatika?"

"Kila kipande kikiisha kinajiandika. Tutapoteza kile kilichokuwa mkononi tu."

"Na kule Dar umeme ukikatika?"

"Kule wana jenereta. Lakini ukikosea wewe, unarudi mwisho wa foleni."

Walizima skrini ili kupunguza joto, wakafunga mlango. Makasha yalibaki yanavuma gizani, tisa kwa pamoja, na Obedi alisimama nje muda mrefu akisikiliza. Tangu azinunue, zilikuwa hazijawahi kufanya kazi zote kwa wakati mmoja. Wanafunzi hawakuwahi kutosha.

"Zinavuma vizuri," alisema.

"Kama nyuki," mkewe alimjibu, akamshika mkono, jambo ambalo barabarani hawakulizoea.

* * *

Jumapili Mama Anyesi alikwenda ibada ya kwanza ya Waanglikana, hapo hapo mtaani, akarudi mapema na Ruthu. Obedi na Evarista walikwenda misa mjini, kisha wakazuiwa na kikao cha harusi ya jumuiya, kikao cha watu wanaokubaliana jambo moja kwa saa tatu. Mchana upepo ukaja. Ulikuja mwekundu, ukaiba nguo kwenye kamba, ukaingia mpaka ndani ya sufuria zilizofunikwa. Mama Anyesi alilala kidogo, akaamka, akawaza kazi ya mkamwana wake. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari.

Wenyewe waliporudi jua likielekea kushuka, walipitia kituoni kwanza. Obedi alifungua mlango, akasita. Hakusikia nyuki.

Mashine saba zilikuwa zimevaa. Zilivaa vitambaa vyeupe vya kufumwa, vizuri ajabu, vyenye maua pembeni na herufi za jina la Obedi katikati, vikishuka kutoka juu ya skrini mpaka mezani, na nyuma vimefungwa kwa kamba ili upepo usivipeperushe. Mbili tu za mwisho zilikuwa wazi, kwa sababu uzi uliisha.

Evarista aligusa kasha la kwanza, akauondoa mkono haraka. Lilichoma kama sufuria. Alifungua kamba, akawasha skrini: nyeusi. La pili: maandishi yameganda katikati ya sentensi. La tatu lilitoa harufu ya plastiki iliyoungua. Zile mbili zisizovaa ndizo pekee zilizokuwa zikiendelea, taratibu, bila habari na wenzao.

Mama Anyesi, aliyekuwa akiwachungulia njiani, akaja kutoka nyumbani, amemshika Ruthu mkono, uso umejaa furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

"Mmeviona?"

"Nani alikuambia uguse?" Evarista alisema.

Alisema kwa sauti ya juu. Jirani muuza mkaa aligeuka. Ruthu akaacha kuruka. Katika miaka yote ya ndoa Evarista hakuwahi kumsemesha mama mkwe bila neno mama mwanzoni au mwishoni, na sasa halikuwepo, na kila mtu aliliona pengo lake.

"Upepo ulikuja," Mama Anyesi alisema. "Niliona vumbi litaingia kwenye kazi yako."

"Sasa kazi yenyewe iko wapi?"

Mama Anyesi alitazama mashine, akamtazama mwanawe. Akamwachia mtoto, akageuka, akaenda zake akiwa wima sana.

* * *

Obedi alifungua makasha, akayapuliza, akayapepea kwa jalada la daftari. Yalipopoa, matano yakakubali kuwaka. La sita likakubali baada ya kubembelezwa. Lililobaki, lile la harufu, halikukubali tena.

"Tuhesabu tulichonacho," alisema.

Kilichokuwepo kilikuwa kingi kuliko walivyoogopa. Kila mashine ilikuwa imeandika vipande ilivyomaliza kabla ya kuzimia. Hata ile iliyokufa ilikuwa na diski nzima ndani, na Obedi aliihamishia kwenye kasha jingine wakaisoma. Kilichopotea ni mchana mzima wa mashine saba. Na mkutano ulikuwa Alhamisi. Usiku wa siku za kazi peke yake usingetosha tena.

"Ingekuwa Dar," Evarista alisema, "kosa moja, na sasa tungekuwa nyuma ya watu wa samaki."

"Tupo Ipagala. Chukua na mchana."

"Wanafunzi je? Kesho wanakuja. Wakikuacha hawa, kituo kimefungwa."

"Wanafunzi niachie mimi. Wewe nenda ukaongee na mama. Hiyo mimi siiwezi."

Alimkuta mama mkwe nyumbani, chumbani kwake, kikapu cha safari kiko mlangoni, khanga ya pili imeshakunjwa. Evarista alipiga magoti kama alivyolelewa kwao kumpigia mkubwa magoti.

"Mama, nisamehe. Nilikufokea mbele za watu."

Mama Anyesi aliikunjua khanga, akaikunja tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nimeziua?"

"Moja tu, mama. Nyingine zimeamka. Zilishikwa na joto. Zikifanya kazi zinapata joto, kama mtu mwenye homa, na wewe ukazifunika."

"Mwenye homa hafunikwi."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mimi ningejuaje zina homa? Zimekaa kimya, hazitetemeki, hazilii. Nyumba hii kila kitu nakifunika, hata redio ikiimba naifunika, na hakuna aliyenikataza." Machozi yalikuwa yamefika karibu, akayarudisha. "Treni ya kesho nitaiwahi. Mimi huku nitawaharibia."

"Ukiondoka Ruthu atalia mpaka tumfuate Gulwe. Njoo, mama. Njoo nikuonyeshe homa yake."

Walirudi kituoni pamoja, barabara nzima ikiwatazama. Evarista aliushika mkono wa mama mkwe, akaupeleka nyuma ya kasha moja, pale feni inapotoa pumzi yake. Mama Anyesi aliushikilia hapo muda mrefu.

"Eeh," alisema. "Inapumua huku nyuma."

"Huko huko ndiko ulikofunga kamba."

"Nimeiziba pua." Akatikisa kichwa, halafu, kwa mshangao wa wote, akaangua kicheko. "Obedi! Mama yako kaziba pua mali yako!"

* * *

Jumatatu asubuhi wanafunzi walimkuta mwalimu wao amekaa sakafuni na mkasi, amezungukwa na maboksi ya sabuni. Kwenye kila kipande cha boksi alikuwa amechora kibodi kwa kalamu nene, herufi zote mahali pake.

"Leo mpaka Jumatano tunajifunza kuweka vidole," alitangaza.

Yasinta, karani wa ofisi za bunge aliyejilipia kozi mwenyewe, aliinua boksi lake kwa vidole viwili. "Mwalimu, mimi nimelipia kompyuta. Hili linanuka sabuni ya mche."

"Kwenye hilo huwezi kufuta kazi ya mtu."

"Wala kuifanya."

Wenzake wakacheka. Obedi alijifuta jasho. Aliwatazama wote, akaona ni bora kusema ukweli: kwamba mashine zimeshikwa na kazi ya mkewe, kwamba kuna ajali imetokea, kwamba anayetaka fedha zake za wiki hii atarudishiwa, ingawa siyo leo.

"Kazi gani hiyo ya kufanyika bila mtu?" Yasinta aliuliza.

"Zinalima," Evarista alisema kutoka pembeni. "Kila moja ina shamba lake. Zinapanda mtama kwenye mvua za miaka yote iliyopita, zinaangalia nani angevuna."

Kijana mmoja aitwaye Hijja, aliyeshuka na basi la Kondoa mwaka huo huo kutafuta kazi, akasogea. "Na kwetu ipo?"

"Kondoa ni ile ya dirishani."

Hijja alikwenda, akainama, akaitazama mashine ya dirishani kama mtu anayetazama picha ya nyumbani. Mwanafunzi wa nyuma yake alipotaka kuegemea meza, alimsukuma taratibu. "Usiitikise. Baba yangu yumo humo."

Baada ya hapo hakuna aliyedai fedha. Walikaa kwenye benchi, maboksi magotini, wakigonga karatasi bila sauti huku mashine zikivuma nyuma yao. Yasinta alilalamika kila alipokumbuka kulalamika. Mama Anyesi alipita kati ya meza, kiganja chake kikienda nyuma ya kila kasha.

"Hii inaanza," alisema mara moja, na Obedi akaipepea kwa boksi.

Mashine zilipomaliza mistari yake, Evarista alichukua vipande vya ile iliyokufa, akavigawa kwa zilizo hai. Moja ikachukua kidogo, nyingine kidogo. Jumatano mchana mashine ya mwisho ilimaliza. Ilikuwa ile ya dirishani, na Hijja ndiye aliyepiga kelele.

* * *

Jibu lilitoka, na halikumpendeza mtu yeyote kikamilifu, jambo lililomfanya Evarista azidi kuliamini. Kwenye udongo wa mchanga, wazee wa Gulwe walikuwa sahihi: tia mbegu kavu, isubiri mvua. Kwenye mfinyanzi mweusi, mabwana shamba walikuwa sahihi: subiri. Alhamisi, mkutanoni, wafadhili waliuliza maswali mengi, wakaandika mengi, na kabla ya chai ya saa kumi walikuwa wameshaongeza mradi misimu miwili.

"Mlitumia kompyuta gani?" mmoja wao aliuliza.

Bwana Respicius alifungua mdomo. Evarista alimwahi.

"Za mume wangu," alisema. "Ziko Ipagala. Huwa zinachapa kadi za harusi."

Wiki iliyofuata simu ilipigwa kutoka Dar. Watu wa malaria walikuwa wamekosea mahali, wamerudishwa nyuma, na foleni imesogea: zamu ya Dodoma imefika, je, kazi iko tayari? Bwana Respicius alishika simu kifuani, akamtazama Evarista kwa macho ya mtu aliyealika wageni na hana chakula.

"Mpe Octavian, mzee," Evarista alisema. "Maji yake ndiyo ya mashine ile. Mimi hata wakinipa sina cha kuipa."

Octavian alikuwa ameshasimama. Alikusanya disketi zake kwa mikono miwili, akaondoka na basi la jioni bila hata kuaga vizuri.

Ijumaa, Bwana Respicius alionekana Ipagala. Alikuwa amevaa koti. Alisoma maandishi ya mlangoni mara mbili, akaingia, akasimama katikati ya wanafunzi waliokuwa sasa kwenye mashine halisi, wakigonga kwa furaha ya watu waliotoka kwenye maboksi.

"Shikamoo, mama," alimsalimia Mama Anyesi, aliyekuwa kwenye kigoda pembeni.

"Marahaba, baba. Mbukwa," akamwongezea salamu ya Kigogo.

"Bwana Obedi," alisema Bwana Respicius, akikohoa kidogo, "kuna kazi nyingine ya mvua inakuja. Nimeomba idhini, imetoka. Kwa saa mnatozaje?"

Obedi alikuwa ameshika bisibisi, akiwaonyesha Yasinta na Hijja sehemu za ndani za ile mashine iliyokufa, ambayo sasa ilikuwa somo jipya lililoleta wanafunzi wapya. Hakuinuka haraka.

"Sawa na kadi za harusi, mzee."

Bwana Respicius alitafuta pa kukasirikia, hakupaona, akacheka. Alikaa kwenye benchi. Mtu akampa soda.

Jioni, wanafunzi walipoondoka, Mama Anyesi alivitoa vitambaa vyake kwenye mfuko. Alikuwa amevifumua nyuma na kuvifuma upya, kila kimoja kikiwa na mwanya mpana, umezungushiwa maua. Hata hivyo hakuviweka. Aliinama kwenye mashine ya kwanza, akapeleka kiganja nyuma yake, akasubiri kama anayesubiri jibu la mtoto usingizini.

"Mama Ruthu, njoo ushike. Hii imemaliza?"

Evarista alikuja, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama mkwe. Chuma kilikuwa baridi.

"Imemaliza, mama."

"Basi ilale," alisema Mama Anyesi, akaifunika.